Kabla ya sanamu, tupeni majina

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji aliandika humu kwamba Bagamoyo tunahitaji sanamu kubwa, ya Abushiri ikiwezekana, yule aliyeongoza vita ya kuwapinga Wajerumani hapa pwani, iwe ya shaba, kashika upanga, isimame pale ufukweni watalii wapige nayo selfi kama wanavyofanya Ulaya. Gazeti lenyewe nimelikuta kwa vijana wa bodaboda limeshalowa chai, na wote wanaunga mkono, mmoja anasema na taa za rangi zifungwe chini usiku ipendeze. Sasa mimi hiyo Ulaya inayotajwa nimetoka juzijuzi tu, hayo masanamu nimeyaangalia mpaka shingo ikaniuma, kwa hiyo naomba na mimi niseme langu.

Mimi ni mama wa hapahapa Dunda, kazi yangu kutembeza wageni, mwaka wa 19 huu. Ngome Kongwe, Karavanserai, Boma, kule misheni alikolazwa Livingstone mwaka 1874 kabla maiti yake haijavushwa, halafu mara nyingi namalizia pale ufukweni kwenye mahali pa kunyongea. Mnapajua. Jiwe na kibao kinachosema hapa ndipo wakoloni wa Kijerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao, basi. Na hatua chache tu kutoka hapo kuna yale makaburi ya Wajerumani, kama 20 hivi, wengi askari waliokufa kwenye vita ya Abushiri, yamezungushiwa ukuta, kila mmoja na jiwe lake na jina lake.

Miaka kadhaa nyuma nilimpata mgeni mmoja, mzee wa Kijerumani, mpole, kofia ya majani. Aliingia makaburini akachuchumaa jiwe moja baada ya jingine anasoma na miwani imeshuka puani, anaandika kwenye kijidaftari. Tukatoka, nikampeleka kwenye jiwe letu nikamsomea kibao. Akasubiri. Akaangalia nyuma ya jiwe. Halafu akaniuliza, na hawa, waliitwa nani?

Mhariri, nilikuwa nimefanya kazi hii miaka zaidi ya kumi na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali. Nikaona aibu imenipanda kichwani kama joto la saa nane, nikafungua mdomo nikamtajia jina. Jina la babu yangu mzaa mama. Babu yangu hakunyongwa na mtu, alizaliwa Wajerumani wanakaribia kuondoka na alikufa kitandani kwake kwa homa wakati mimi niko darasa la pili, lakini ndilo jina lililokuja. Yule mzee akaliandika vizuri, akaniuliza na herufi zake.

Nilikaa na hilo jambo kifuani bila kumwambia mtu.

Sasa mwaka jana mdogo wangu anayeishi Hamburg akanialika, visa ikatoka baada ya kusumbuana sana, nikaenda miezi miwili kiangazi. Kiangazi cha kule usiseme, maghrib inaingia saa nne kasoro usiku, mtu unakaa jua linakuangalia tu hujui ule daku au chakula cha jioni. Mdogo wangu ana siku zake za mapumziko, akaniuliza, dada unataka kuona nini, maduka? Nikamwambia kwa kuwa mimi kazi yangu ni kuwaonyesha watu mawe, na mimi nionyeshwe mawe ya kwao.

Akaanza na Bismarck. Huyu ndiye mwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ule waliokaa wakagawana bara letu. Hapo Hamburg wamemjenga kwa mawe mwaka 1906, mita 34, kashika upanga, anaangalia kule bandarini. Ni mkubwa kweli. Unamwangalia, unamwangalia, halafu umemaliza. Juu ya kichwa kulikuwa na ndege wa baharini katulia na chini watu wamechorachora na rangi za kupuliza. Nikamuuliza mdogo wangu hapo chini pameandikwa nini kumhusu, akasema dada mimi nina miaka 11 hapa sijawahi kusoma. Jibu hilo nikalishika.

Siku ya pili tukaenda kuangalia sanamu ambayo haipo. Hii mnisikilize vizuri maana inatuhusu. Wissmann, yule meja aliyeletwa kumpiga Abushiri, ambaye Mei 1889 alivunja ngome ya Abushiri hapa karibu na Bagamoyo na Desemba 15 mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani, huyo Wissmann Wajerumani walimsimamishia sanamu Dar es Salaam, chini yake wakamuweka askari Mwafrika anamwinulia macho bwana mkubwa na bendera kailaza juu ya simba. Waingereza walipochukua nchi wakamng'oa. Tulichonacho Posta leo ni ile sanamu ya askari ya mwaka 1927, ile ambayo kila mtu anaitumia kuelekezea duka na asilimia kubwa hawajui kapigana vita gani. Wissmann akapelekwa kwao, mwaka 1922 wakamsimamisha upya Hamburg mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wakamwangusha 1967. Akarudishwa. Mwaka 1968 wakamwangusha tena na safari hii hakurudi, akatupwa stoo. Kwa hiyo nikafika pale chuoni nikakuta nyasi, mabinti wawili wanakula mkate na mbwa kalala. Nikapiga picha nyasi. Mdogo wangu anacheka, anasema dada umepanda ndege masaa yote hayo kupiga picha majani, nikamwambia wewe nyamaza, haya ndiyo majani niliyoyafurahia kuliko yote.

Bremen ni karibu na Hamburg, saa moja kwa treni. Pale kuna tembo wa matofali, mita 10, walimjenga miaka ya 1930 kuwakumbuka wenzao waliokufa kwenye makoloni, yaani alikuwa tembo wa kulilia mali iliyopotea. Hawakumvunja. Namibia, iliyokuwa koloni lao zamani, ilipopata uhuru mwaka 1990 wakambadilisha kazi, wakamtangaza kuwa ukumbusho wa kupinga ukoloni, na pembeni yake mwaka 2009 wakaweka mawe yaliyotoka Namibia kwa ajili ya Waherero na Wanama waliouawa na Wajerumani huko. Tembo ni yuleyule na matofali yaleyale. Kilichobadilika ni maneno. Nilizunguka yule tembo mara tatu nawaza kibao chetu cha ufukweni.

Copenhagen nitapita haraka. Kuna nguva maarufu dunia nzima, yuko juu ya jiwe pembeni ya maji tangu 1913, nilidhani nitakuta jitu kumbe mita moja na robo tu, kabinti kamekaa kimya, watu mia wamepanga foleni wanapiga picha. Ameshakatwa kichwa mara mbili, 1964 na 1998, na mkono 1984, kila mara wanamtengeneza. Wavuvi wetu wanaomjua nguva halisi wangemwona yule wangecheka, nguva wetu ana sura ya ng'ombe aliyeamshwa. Na Brussels kuna mtoto wa shaba anakojoa, wa tangu 1619, hata mita moja hafiki, ana nguo zaidi ya 1,000 za kubadilisha, mimi nina madera sita. Haya, tuendelee.

Hapohapo Brussels karibu na ikulu ya mfalme kuna Leopold wa Pili juu ya farasi, wa mwaka 1926. Huyu ndiye aliyeifanya Kongo shamba lake na mguu wake haujawahi kukanyaga huko. Tulikuwa na rafiki wa mdogo wangu, kijana wa Lubumbashi, Kiswahili chake kile cha kwao kitamu, akanishika mkono akaniinamisha niangalie kibao kidogo, akanitafsiria, kwamba shaba na bati la sanamu hii limetoka Kongo, limetolewa bure na kampuni ya madini ya Katanga. Bure, imeandikwa bure! Akasema, "Mama, iyi shaba ni ya kwetu, hata farasi ni wa kwetu." Akacheka lakini macho hayakucheka. Halafu tukatembea dakika chache tu tukafika kwenye uwanja mdogo ambao tangu 2018 unaitwa uwanja wa Patrice Lumumba. Pale hakuna farasi wala mtu wa shaba, ni kibao cha jina tu kama vibao vya mitaa. Kijana wa Lubumbashi alisimama chini ya kile kibao, akavua kofia, akaniomba nimpige picha, na pale kwa Leopold hakuomba.

Ndipo tukaenda Berlin, na huko ndiko nilikopata ninachotaka kukisema.

Katikati ya mji kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na Hitler. Ulifunguliwa 2005, ni matofali makubwa ya zege 2,711, mengine mafupi kama baraza mengine yanakupita kichwa, unaingia katikati unapotea. Hayana maandishi. Watoto walikuwa wanarukaruka juu mlinzi anawafukuza, watu wanakula aiskrimu. Nikasema moyoni hawa nao hawana majina, kumbe sijashuka chini. Chini kuna chumba chenye giza, kinaitwa Chumba cha Majina, unakaa kwenye benchi na sauti inasoma, jina la mtu mmoja, kazaliwa lini, kafa wapi, maisha yake kidogo, inanyamaza, inasoma mwingine. Mdogo wangu akanitafsiria kibao, wakisoma wote kwa mtindo ule itachukua miaka 6 na miezi 7 na siku 27.

Nikalia pale. Mdogo wangu akadhani ni kwa sababu ya Wayahudi na ilikuwa ni hiyo pia, lakini mimi nilikuwa nimesikia hitma. Nyie watu wa pwani mnaelewa. Sisi masanamu hatuna asili nayo, bibi yangu hata mdoli wenye macho hakuutaka ndani, alisema malaika hawaingii. Kaole pale wazee wamejenga minara juu ya makaburi karne na karne lakini sura ya mtu hutaikuta. Sisi maiti wetu tunawakumbuka kwa jina. Hitma ikisomwa mwenye shughuli anapitisha karatasi, kila mtu anaandika wa kwake, fulani bin fulani, fulani binti fulani, sheikh anayasoma mmoja mmoja na jina la mtu wako likitajwa unasikia kama kapita mlangoni. Na ukisahau kuandika jina la shangazi utasemwa mwaka mzima. Sasa hao wa pale ufukweni ni nani aliyewahi kuwaandika kwenye karatasi? Huwezi kumwombea "Mwafrika aliyepinga utawala". Huyo hana mama.

Kesho yake mdogo wangu akanipeleka mtaa mmoja unaitwa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Mtaa wa kawaida, baiskeli zimeegeshwa, mtu anapakua makreti. Akaniambia angalia chini. Kwenye njia ya waenda kwa miguu, katikati ya mawe ya kijivu, kuna kijiwe kimoja kina uso wa shaba nyeupe, sentimita 10 kwa 10, kama kigae cha bafuni. Kuna msanii wao, Gunter Demnig, ndiye aliyeanzisha, anavitia mbele ya nyumba alikokaa mtu kabla ya kuchukuliwa na manazi, na sasa viko zaidi ya 100,000 Ulaya nzima. Hiki kimeandikwa Mahjub bin Adam Mohamed. Mhariri, nilisoma mara mbili. Bin Adam. Mtu wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari wa Mjerumani na yeye mwenyewe kaingizwa vitani mtoto. Mwaka 1929 akaenda Berlin, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, halafu 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke mzungu, wakamfunga kambi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 24, 1944. Kijiwe kimewekwa 2007.

Kilikuwa na tope. Nikachuchumaa, nikatoa leso, nikatema mate kidogo, nikasugua mpaka jina likang'aa. Watu wanapita pembeni, hakuna aliyeshangaa, wenyewe ndivyo wanavyofanya, ili ukisome lazima uiname. Nikamsomea Fatiha palepale na mdogo wangu akaitikia. Nilipoinuka ndipo nikajiona, vile nilivyokaa pale chini ndivyo alivyokuwa amekaa yule mzee wa Kijerumani makaburini kwetu.

Kumbe huko Berlin hata mitaa wanabadilisha, ule mtaa wa Wissmann tangu 2021 unaitwa mtaa wa Lucy Lameck, ndiyo huyohuyo mbunge wetu wa enzi za Mwalimu, na wa Carl Peters, yule Mkono wa Damu, kipande kimoja mwaka 2024 wamekiita Maji Maji. Sisemi Wajerumani wamekuwa malaika. Bismarck bado yuko juu na mita zake 34. Nasema tu kwamba mimi mtu wa Dunda nimemkuta Mswahili mwenzangu kaandikwa jina lake kamili kwenye njia ya miguu Berlin, na nyumbani kwangu watu walionyongwa mbele ya bahari hii ninayoiona nikifagia, hawana hata herufi.

Nikirudi kwa msomaji mwenzangu na sanamu yake ya shaba. Ndugu yangu, Abushiri jina analo, tunalijua wote, na mwenyewe kanyongwa Pangani, hata ukimsimamisha kwetu utakuwa umemhamisha. Hiyo sanamu itagharimu mamilioni, tutaikata utepe, mwaka wa tatu chumvi ya bahari itaila na kunguru watamaliza kazi, na watoto watakuwa wanaelekezana "nikute pale kwa sanamu" kama Posta. Na wale wengine bado watakuwa wanaitwa Waafrika. Mimi nataka kigae. Kimoja kwa kila jina, hapo chini mchangani au kwenye ukuta mfupi, kwa Kiswahili, jina, la baba yake, mtaa wake, kama mwaka unajulikana mwaka. Fundi wa kuchonga milango hapa mjini anaweza kuchonga maandishi mazuri kuliko mashine yoyote.

Nimeshajaribu kwenda ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa niandike andiko lenye bajeti na kiambatanisho, nikauliza kiambatanisho gani, wakasema orodha ya majina. Hapo walinishinda, maana walisema kweli.

Kwa hiyo nimenunua daftari, lile gumu la kaunta. Tangu Novemba kila baada ya alasiri nikimaliza wageni napita kwa wazee, Dunda, Magomeni, Kaole, naanza na habari za mafuta ya taa na wajukuu, halafu nauliza, bibi, nyumbani kwenu kuna mtu alichukuliwa na Mdachi asirudi? Wengi wanasema hapana. Mmoja alinifukuza, akadhani natafuta mambo ya viwanja. Lakini bibi mmoja, meno hana hata moja, alinyamaza muda mrefu akaniambia mama yake alikuwa hapiti ule ufukwe, akienda sokoni alikuwa anazunguka kwa nyuma, na alipoulizwa alisema pale kuna baba yangu mdogo. Akanitajia jina. Nikaliandika, mkono unatetemeka kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mpaka leo nina majina matatu. Moja familia mbili zinaligombania, kila mmoja anasema ni wa kwao na mtaa wanaotaja ni tofauti, inawezekana ni watu wawili. Hapa gazetini sitayaweka mpaka watoto na wajukuu wakubali, na mpaka nimpate wa pili wa kushuhudia kila jina, sitaki tena kumpa mtu jina la kubahatisha. Wasomaji wa Saadani, Winde, Mkwaja, Pangani, mpaka Tanga, kama nyumbani kwenu kuna habari hii msiiache ife na mzee, andikeni hata nyuma ya kalenda. Mimi napatikana pale Ngome Kongwe kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, ulizeni tu yule mama wa daftari, siku hizi ndivyo wanavyoniita.

Na jambo la mwisho Mhariri, gazeti lenu linasomwa mbali. Kama kuna mtu huko Ujerumani anamfahamu mzee mmoja mpole mwenye kofia ya majani aliyefika Bagamoyo na kijidaftari, tafadhali amwambie lile jina nililompa alifute. Huyo ni babu yangu, alikuwa fundi wa nyavu, alikufa kitandani. Nikipata ruhusa ya familia nitampelekea la kweli.

Mama wa Dunda,
Bagamoyo